Mbobezi Asiye na Meno

Nchi ya Subirani usiitafute kwenye ramani. Yenyewe inasubiri ramani mpya ichapishwe. Ni nchi njema. Mvua hunyesha, mahindi huota, na wakubwa huzungumza. Mtu akikuuliza inafanana na nchi gani, mwambie haifanani na yoyote. Na yeye akisema anaiona inafanana, basi hayo ni ya macho yake.

Wasubirani waliamini kwamba kisicho na kiwango hakina adabu. Chai ilikuwa na viwango vyake, toka ile ya mgeni aliyekuja kwa miguu hadi ile ya mgeni aliyekuja na dereva. Salamu zilikuwa na viwango. Hata msibani kulia kulipangwa, na jirani aliyethubutu kulia kumpita mjane aliitwa pembeni akaonywa. Basi ilipogundulika kwamba wanafunzi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Taifa hawakuwa na viwango vya umahiri, kwamba walikuwa wakifaulu tu hivi hivi kama watu wanaovuka barabara, nchi nzima iliona haya.

Iligundulika hivi. Wizara ya Mifugo iliajiri kijana aliyehitimu kwa sifa zote. Kompyuta ya wizara ikagoma, kijana akaitwa. Alikuja na tai yake, akaisalimu mashine kwa heshima, akaipangusa vumbi mbele na nyuma, akaifunika kitambaa. Kisha akawaambia waliokuwepo kwa sauti ya chini, "Sasa tuiache ipumzike."

Waliiacha. Inapumzika mpaka leo.

Kijana wa watu hakuwa na kosa, ndivyo alivyofundishwa. Chuo kilikuwa na chumba kizuri cha kompyuta, zawadi ya marafiki wa ng'ambo, na kila mashine ilifunikwa kitambaa cha kufuma, maua mekundu na majani ya kijani. Mlangoni ulifungwa utepe, ukimngoja mgeni rasmi aje kuukata. Mgeni rasmi alikuwa na shughuli. Kwa hiyo wanafunzi walifundishiwa dirishani. Mhadhiri alisimama nje, akapenyeza fimbo kwenye nondo, akasema, "Ile pale, chini ya lile ua la kushoto, ndiyo kibodi. Andikeni."

Nao waliandika.

Mheshimiwa Mwenye Kauli, mkuu wa nchi, aliposikia habari za kijana wa mifugo, alitoa kauli redioni, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake. "Kuanzia leo," alisema, "hakuna mwanafunzi wa kompyuta atakayehitimu mpaka ijulikane anajua kiasi gani. Na haitajulikana anajua kiasi gani mpaka kwanza ijulikane kujua ni kitu gani. Naunda Tume."

Redio ikapiga ngoma. Kauli hiyo ilimkuta Sikudhani anamwogesha mwanawe kwenye beseni, akabaki na sabuni mkononi kama mtu aliyesahau alikuwa anaosha nini.

*

Sikudhani alikuwa mwanafunzi wa jioni. Mchana alichapa barua za watu kwenye duka la steshenari. Jioni alifunga mtoto mgongoni, akaenda chuoni. Wanafunzi wa jioni hawakuwa na haki hata ya dirisha, kwani jioni madirisha yalifungwa. Mwalimu wao, Feruzi, mtu mwembamba asiyeamini kufundisha kwa chaki tu, alileta kompyuta yake ya zamani kutoka nyumbani ndani ya gunia la mbolea. Feni yake ilinguruma kama mashine ya kusaga. Waliizunguka kama watu wanaozunguka sinia la ugali, kila mmoja akipata tonge lake: huyu dakika chache, mwenzake naye.

"Mwalimu, hapo sijaelewa," Sikudhani alikuwa na kawaida ya kusema, zamu yake ikifika na zamu yake ikiisha.

"Wapi hapo?"

"Hapo ulipoanza."

Wenzake walicheka, naye Feruzi alianza upya. Ndivyo alivyojifunza, nusu kwa macho, nusu kwa mkono mmoja, maana ule mwingine Tunu alikuwa anauvuta. Tunu ndiye binti yake, miezi minane, mwenye mashavu makubwa kama ya kuazima na fizi zinazowasha, hajaota jino hata moja.

Kulikuwa na sababu ya Sikudhani kuhangaika hivyo. Zahanati ya mtaa ilikuwa inapoteza kadi za chanjo. Zililiwa na mchwa, zililowa, zilifungiwa vitumbua. Tunu alichomwa sindano ile ile mara ya pili, paja lile lile, akageuka akamtazama mama yake kama anayemuuliza, "Na wewe umo?" Mtazamo ule haukumtoka Sikudhani. Kwenye mashine ya Feruzi akaanza kuandika programu ndogo ya kutunza majina ya watoto na chanjo zao. Ilianguka, akaiinua. Ikaanguka tena. Mwishowe ikawa inasimama dede, kama mtoto.

Muuguzi mkuu wa zahanati, Mama Kiliani, mwanamke mpana asiyependa maneno mengi, aliisikia habari hiyo.

"Nina nafasi moja," alimwambia. "Mtu wa kompyuta. Lakini barua ya wizara inataka mwenye kiwango cha juu kabisa, na asiye nacho marufuku. Kiwango chenyewe eti kinakuja."

"Kinakuja lini, Mama?"

"Mimi niulize mvua inakuja lini, hilo nalijua. Mvua zikianza, surua inaingia. Na nafasi isipojazwa kabla ya mvua inarudi wizarani. Ikirudi wizarani, mwanangu, imekwenda. Wizara ni kaburi lenye kiyoyozi."

Toka siku hiyo Sikudhani akawa hakai. Akiosha vyombo anatazama mbingu. Akianika nepi anatazama mbingu. Wifi yake Mwanakombo, dada wa mumewe Mbaruku, waliyekuwa wakikaa naye nyumba moja, alichoka.

"We wifi, mbinguni umeacha nini? Kama ni mume, yuko kazini, si huko juu."

"Natazama mawingu."

"Mawingu yanakutazama wewe, yanasema huyu mtu hana nepi kavu hata moja. Kaa chini ule."

*

Tume ya Kufasili Viwango vya Umahiri ilikuwa na wajumbe wazito, na mzito wa wazito alikuwa mwenyekiti wake, Profesa Lumbasi, ambaye alikuwa na shahada nyingi kiasi kwamba hakuweza kuketi bila kwanza zote kutajwa. Kikao cha kwanza kilikwisha zilipomalizwa kutajwa. Kikao cha pili kilijadili chai. Cha tatu kikaingia kwenye hoja.

"Waheshimiwa," alisema Profesa Lumbasi, "kujua ni jambo la ndani. La ndani halionekani. Lisiloonekana halipimiki. Lisilopimika, kwa mujibu wa kanuni zetu, halipo. Je, inafaa tutoe cheti cha jambo ambalo halipo?"

"Mbona tumekuwa tukitoa?" alisema mjumbe mmoja, akaombwa afute kauli, akaifuta.

Walijaribu neno "kuelewa", wakaona nalo liko ndani vile vile. Walijaribu "kumudu", wakasema hilo ni la mizigo. Walijaribu "kuweza", mjumbe kutoka Sheria akauliza kama anayeweza lakini hajafanya ni sawa na aliyefanya bila kuweza, na hapo kikao kikaahirishwa kwa sababu watu wawili walishikana mashati.

Mawingu yalikuwa yanaanza kupita upande wa milimani, membamba, kama yanayochungulia.

Kikao kilichofuata mjumbe mmoja mzee, aliyekuwa amelala, aliamka akasema, "Mimi mjukuu wangu akielewa, anatikisa kichwa."

Profesa Lumbasi akavua miwani. "Rudia, Mheshimiwa."

"Anatikisa kichwa. Hivi." Akaonyesha, juu na chini.

"Kinaonekana!" alisema Profesa Lumbasi, na sauti yake ikatetemeka. "Kinahesabika! Kiko nje!"

Wakakumbatiana. Kabla jua halijatua viwango vilikuwa tayari, vikachapishwa kwenye karatasi nene. Mwanafunzi anayetikisa kichwa baada ya wenzake aitwe Mchipukizi. Anayetikisa pamoja na wenzake, Mkwezi. Anayetikisa kabla mhadhiri hajafika mwisho wa sentensi, Mwelevu. Na juu ya wote ni Mbobezi: yeye hutikisa kichwa taratibu, macho ameyafumba, bila kujali kinachosemwa, kama mtu ambaye hayo alikwisha yapita zamani.

Mwenye Kauli alisomewa viwango hivyo akatikisa kichwa. Taratibu.

*

Kama kuna watu wepesi wa kuitikia maendeleo, ni Wasubirani. Wiki haikupita, mji ukajaa mafunzo ya shingo. Wakandaji wakaandika mlangoni, "Hapa tunatoa Ubobezi, mafuta yetu ni ya nazi na karafuu." Watoto wa wakubwa waliletewa walimu wa shingo kutoka nje. Ungepita mitaani ungewaona vijana wamejipanga vibarazani, vichwa juu, vichwa chini, kama kuku wanaokunywa maji, na wazazi wao wakisema kwa fahari, "Wangu tayari ni Mwelevu, bado kufumba macho tu."

Sikudhani shingo ilikuwa haimtii. Mtu aliyezoea kusema "hapo sijaelewa", kichwa chake husimama pale ambapo akili imesimama.

"Hebu tikisa nikuone," Mwanakombo alimwambia, anamenya viazi.

"Nitikise kwa lipi?"

"Kwa lolote! Wifi, shingo yako ina nini siku hizi? Siku ya posa yako uliitikisa vizuri, tukajua umekubali."

"Siku ile nilikuwa nimeelewa."

"Ulielewa nini, na kaka yangu mwenyewe mpaka leo hatumwelewi?"

Wakacheka mpaka Tunu naye akacheka bila kujua kitu, ute ukimtiririka. Lakini usiku haujaingia Sikudhani alikuwa ameshatoka tena mlangoni, amesimama, anasikiliza upepo. Ulikuwa unanukia udongo wa mbali.

Feruzi alimwonya pia. "Binti, programu yako nimeiona. Ina mapengo, lakini ni yako. Siku ya mtihani usiseme popote hujaelewa. Wakitikisa, tikisa."

"Na wewe Mwalimu unatikisaga?"

Feruzi akatazama gunia lake. "Nina watoto wanne," alisema.

*

Siku ya mtihani Mwanakombo alikuwa na shughuli isiyo na mjadala: harusi ya jirani, na vitunguu vya pilau havijimenyi. Sikudhani hakuwa na wa kumwachia mtoto. Akamfunga mgongoni kwa kanga, akaenda.

Mlinzi wa lango alisoma kanuni kwa sauti. Marufuku simu. Marufuku karatasi. Marufuku kofia, kwa kuwa huficha umahiri. Kuhusu watoto wachanga kanuni zilinyamaza, na mlinzi, mtu wa kanuni, naye akanyamaza.

Ukumbini wanafunzi walikalishwa mbele. Wapimaji wa Tume walikaa nyuma, juu kwenye roshani, na darubini zao. Walisema wakikaa mbele wanafunzi watawaangalia usoni, na uso hudanganya, lakini kisogo hakijui uongo. Profesa Lumbasi akapanda jukwaani kutoa mhadhara wa kupimia.

"Kompyuta," alianza, "ni mashine isiyokosea. Na kwa kuwa haikosei, anayeitumia hakosei. Na kwa kuwa anayeitumia hakosei, aliyemwajiri naye hakosei."

Ukumbi mzima ukatikisa kichwa. Ulikuwa upepo katika shamba la mtama. Kulia walikuwa Wakwezi, kushoto Wakwezi, na watoto wa wakubwa safu ya mbele wakatikisa hata kabla ya "kompyuta".

Sikudhani alijaribu. Wallahi alijaribu. Aliiwaza ile nafasi, aliyawaza mawingu, akakiambia kichwa, "Shuka basi." Lakini alikumbuka programu yake ilivyoanguka na kuinuka, na kichwa chake, badala ya kwenda juu na chini, kikaenda kushoto na kulia.

Nyuma yake, huku joto la ukumbi na sauti nzito ya Profesa vikimbembeleza, Tunu alianza kusinzia. Kichwa kilishuka pole pole mpaka kikagusa mgongo wa mama. Kikainuka. Kikakaa kidogo, kimegeukia pembeni, macho yamefumba, mdomo wazi. Kikashuka tena, kwa utulivu, bila kujali kinachosemwa.

Mtu anayetazama kutoka nyuma humwona anayebebwa kabla ya anayebeba. Roshani nzima ilisimama.

"Mnaona?" alinong'ona mpimaji mmoja. "Taratibu."

"Na macho!" alisema mwenzake. "Macho kayafumba!"

"Haya alikwisha yapita zamani."

Mhadhara ulipokwisha, mpimaji alishuka mbio, akaja akainama mbele ya kanga. "Samahani, huyu ni nani?"

Sikudhani alidhani mtu wa watu amependa mtoto. "Anaitwa Tunu," alisema, akatabasamu. "Tunu binti Mbaruku. Msamehe, kalala."

"Hakuna cha kusamehe," alijibu mpimaji, na machozi yalikuwa yanamlengalenga.

*

Redio ilitangaza matokeo saa ya habari. Wakwezi walikuwa wengi, Welevu kiasi, wote wa safu ya mbele. Mbobezi katika nchi nzima alipatikana mmoja tu, Tunu binti Mbaruku. Aliyetikisa kichwa upande usio na kiwango, Sikudhani, alipewa Uchipukizi kwa huruma ya Tume.

Mwanakombo alidondosha mwiko. "Nani? Huyu? Huyu aliyekula sabuni jana?"

Makosa ya kawaida hurekebishwa. Lakini lililokwisha tangazwa redioni Subirani si kosa tena, ni historia. Kesho yake ikaja barua ya kumteua Tunu kuwa mtu wa kompyuta wa zahanati ya mtaa. Ikaja na kiti kikubwa cha kuzunguka, ambacho Tunu alikitapikia. Majirani wakaja kwa heshima, wakabisha hodi kwa sauti ndogo, wakamletea simu zilizozimika. Tunu akazitia mdomoni moja moja.

"Anaipima," walinong'onezana.

Simu moja ikawaka, kwa jinsi ilivyobanwa au kwa majaaliwa, na mwenye simu akalia kwa furaha pale pale barazani.

Kisha akaja Profesa Lumbasi mwenyewe, na mpiga picha. Sikudhani alijaribu kusema.

"Profesa, mwanangu alikuwa amelala."

"Mama," alisema Profesa kwa upole mkubwa, "usiingilie mambo ya kitaalamu. Kila mama humwona mwanawe mdogo. Weka sahihi hapa kwamba Mbobezi ameikubali kazi. Wewe utaingia naye kama mbebaji. Tumefikiria kila kitu."

"Na kazi ataifanya nani?"

"Mbobezi."

"Profesa."

"Naam, kwa mikono ya mbebaji, ikibidi. Nchi hii wakubwa wengi wana wabebaji, mama. Hatuwatangazi tu."

Walipoondoka kukipiga picha kiti, Mwanakombo alimshika Sikudhani mkono. "Kubali, wifi yangu. Kazi si ile ile? Mtoto alale, wewe ufanye. Ulitaka mlango, umefunguliwa. Unauliza umefunguliwa na nani?"

Sikudhani alizunguka ua, akahamisha beseni, akalirudisha. Ilikuwa kweli, kazi ni ile ile, na mvua ilikuwa pale juu ya milima, nyeusi, imekunja mikono. Angeweka sahihi tu. Lakini aliiona siku moja mbele, chanjo imekosewa, mtoto wa mtu anaungua homa, na mama yake ameingia zahanati anapiga kelele, "Nani kafanya hivi?" Na pale mlangoni jina lililoandikwa ni Tunu. Jina alilompa yeye mwenyewe, la kitu kizuri kisichopatikana mara mbili. Hakutaka lianze maisha kwa kubeba kosa la mtu mwingine. Na tena, alilikubali hili kwa shida, kama mtu anayetoa mwiba: alitaka kosa likiwa lake liwe lake.

"Naenda kwenye Tume," alisema.

"Kufanya nini?"

"Kuwaomba waniulize swali."

*

Tume ilikubali kumsikiliza kwa kuwa alikuja na Mbobezi. Feruzi aliitwa kama mwalimu wake, akakaa pembeni na gunia. Mama Kiliani alikuja bila kuitwa, koti jeupe likiwa na madoa ya dawa, akakaa mlangoni. Mvua ikianza kabla hajapata mtu, nafasi yake ndiyo basi.

"Sema haja yako," alisema Profesa Lumbasi.

"Waheshimiwa, mmenitazama kisogo. Naomba mtu mmoja anitazame usoni aniulize swali la kompyuta. Lolote. Mkiona najua, mseme najua. Mkiona sijui, mseme sijui. Lakini mwanangu mwacheni anyonye."

Wajumbe wakatazamana.

"Swali," alisema Profesa Lumbasi hatimaye, "lina hatari zake. Anayeuliza hudhaniwa ana jibu. Je, mama huyu anapendekeza kwamba Tume ichunguzwe?"

"Hapana, Profesa. Napendekeza mimi nichunguzwe."

"Hatuna utaratibu huo."

"Mimi nina swali," alisema Feruzi.

Hata yeye alionekana kushtuka kuisikia sauti yake. Akasimama, akaliacha gunia. "Binti, kwenye programu yako kuna watoto wawili. Jina moja, siku moja ya kuzaliwa, na mama zao nao wana jina moja. Kadi zimepotea. Analetwa mmoja kuchanjwa. Mashine itajuaje ni yupi?"

Sikudhani alifumbua mdomo haraka. "Kwa mtaa wanaokaa."

"Wanakaa mtaa mmoja."

"Kwa namba ya simu."

"Nyumba moja, simu moja. Si unajua watu wetu."

Sikudhani alijaribu njia hii, akarudi; akajaribu ile, akarudi. Tunu alimvuta sikio. Nje radi ilinguruma mara moja, mbali, kama mtu anayesogeza kabati. Sikudhani alihisi maneno ya kuremba yakimjia, mengi, ya kutosha kikao kizima. Akayaacha yapite.

"Sijui, Mwalimu," alisema.

Ukumbi ukalipuka.

"Andika, amejibu!"

"Hajajibu!"

"Amejibu, amesema hajui!"

"Sasa tumpe kiwango gani?" aliuliza yule mjumbe wa Sheria, amesimama juu ya kiti. "Mchipukizi hajui, lakini hasemi. Huyu hajui, na amesema! Huyo ni nani katika viwango vyetu?"

Profesa Lumbasi alimgeukia Feruzi, uso umemwiva. "Na wewe, jibu lake unalo?"

"Sina, Profesa. Nalitafuta tangu aliponionyesha programu yake. Ndiyo maana nimemuuliza."

Karatasi nene ilifunuliwa, ikasomwa mbele na nyuma. Hakukuwa na kitu. Tume ikajadili, ikaamua kwamba suala la "sijui" ni zito, liundiwe kamati. Kwamba kwa sasa mwombaji anafutiwa Uchipukizi na kubaki mtu asiye na kiwango chochote. Na kwamba Mbobezi, kwa kuwa redio haisemi uongo, anabaki Mbobezi, ila apewe likizo ya masomo hadi atakapojua kutembea.

"Kwa hiyo nafasi inarudi wizarani," alisema Profesa Lumbasi, anafunga jalada. "Kanuni inasema aliye chini ya Mbobezi haruhusiwi."

Hapo Mama Kiliani alisimama mlangoni, na mlango ukawa mdogo.

"Chini ya Mbobezi," alisema. "Huyu yuko chini ya nani?"

"Kwa namna gani?"

"Mmemfutia Uchipukizi sasa hivi, nimesikia kwa masikio yangu. Hana kiwango. Asiye na kiwango hayuko chini ya mtu wala juu ya mtu. Nionyesheni kanuni inayomkataza."

Waliitafuta. Bado wanaitafuta, na mimi naogopa kuwaambia waache.

"Lakini mama, amekiri hajui!" alisema Profesa kwa uchungu.

"Baba, miaka yote mnaniletea wanaojua," alijibu Mama Kiliani. "Kadi zangu zimepotelea mikononi mwa wanaojua. Niazimeni mmoja asiyejua, nione." Akamgeukia Sikudhani. "Majaribio. Ukinipotezea mtoto hata mmoja, nitakutoa mwenyewe, na shingo sitaitazama. Twende, mvua inaanza."

*

Asubuhi ya kwanza mabenchi ya zahanati yalijaa mpaka kibarazani, mama na kanga zilizolowa, watoto wanakohoa, matope kila mahali. Kompyuta ilikuwa ile ya Feruzi, ya kuazima, inanguruma. Sikudhani alikuwa akiandika majina tangu kulipokucha, na alishakosea mara kadhaa, akafuta, akaandika tena.

Akaita. "Mwanaidi Shomari!"

Wakasimama wanawake wawili, mmoja mwisho huu wa benchi, mmoja mwisho ule, kila mtu na mtoto wake. Wakatazamana.

"We! Na wako anaitwa Mwanaidi?"

"Mwanaidi, wa siku ile ya mkesha wa Idi."

"Na wangu wa siku hiyo hiyo! Wewe jina lako nani?"

"Zuhura."

"Mimi ni Zuhura!"

Benchi zima likapasuka kwa kicheko, watoto wakaanza kulia, na Mama Kiliani akachomoza kichwa kutoka chumba cha sindano, akamtazama Sikudhani. Vidole vya Sikudhani vilisimama juu ya kibodi. Wala hakuwa amepata jibu.

Alisogea, akavuta benchi la pili karibu na mashine.

"Njooni wote wawili," alisema. "Njooni na watoto, tuangalie pamoja."